Bima Nne, Mkataba Mmoja

Sehemu ya Tisa

Tulimwacha Kabula amesimama juu ya majivu ya nyumba yake, na Bwana Ngollo, mkaguzi wa kampuni ya bima ya Tulizo, amechuchumaa mbele yake. Kwa ncha ya kalamu alikuwa ameinua kipande cha kamba ya katani kilichoungua nusu. Alikiokota chini ya mabati, pale palipokuwa sebule. Jani moja la tumbaku, jeusi na lililojikunja, lilikuwa bado limeng'ang'ania kwenye fundo.

"Mama Deus," aliuliza Ngollo, wala hakuuliza kwa ukali, "siku ya moto tumbaku yako ilikuwa wapi?"

Wale waliobashiri wiki nzima kwamba Kabula angezimia, poleni. Hakuzimia.

"Ilikuwa bani," alisema.

Nyuma yake alisikia wifi yake, Julieth, akishusha pumzi ndefu. Julieth ni dada yake Nikolaus, mume wa Kabula, na ndiye wakala wa kampuni hiyo hiyo aliyewakatia bima. Leo alikuja amevaa fulana yenye nembo ya Tulizo, na jasho lilikuwa limeilowesha mgongo mzima.

"Yote?"

"Yote, kaka yangu. Bani ndiko tunakokaushia, tungeipeleka wapi tena?"

"Na hii kamba?"

"Kamba ni kamba. Mbuzi nafungia, kuni nafungia. Mtoto akiiokota anairukia ndani ya nyumba."

Ngollo aliitazama kamba, akamtazama yeye, akaitumbukiza kamba kwenye mfuko wa nailoni. Akasimama na kujipangusa magoti. Akasema anakwenda kupiga picha upande wa pili, kwenye mabaki ya bani, halafu atarudi.

Kabula alikuwa amedanganya. Tangu azaliwe Kabula alikuwa mbovu wa kusema uongo, mama yake alimjua kwa masikio tu, yalikuwa yanawaka moto. Sasa yalikuwa yanawaka.

Maana Urambo nani asiyelala na tumbaku? Ikishakauka, hakuna mwenye akili anayeiacha bani, kibanda cha udongo na nyasi ambacho kufuli lake mwizi analing'oa kwa mkono. Watu hutoa makochi nje, wakapanga tumbaku sebuleni mpaka darini, wakala wali wao kwenye kona iliyobaki. Na upepo wa kipupwe ukianza, majani hukauka kupita kiasi, ukiyashika yanapukutika, na yakipukutika yanashuka daraja sokoni. Kwa hiyo unawasha jiko la mkaa katikati ya sebule, unabandika sufuria kubwa la maji, mvuke unayalainisha taratibu. Mama zetu walifanya hivyo, na bibi zetu pia.

Siku ile jiko aliliwasha Kabula kwa mkono wake. Akabandika sufuria, akajifunga kitenge kingine, akaenda kusali jumuiya kwa Mama Flavia. Walikuwa hawajamaliza rozari waliposikia mayowe.

Moto ulikuwa umeshamaliza sebule na kurukia nyasi za bani. Nikolaus alikuwa ameingia ndani kuokoa marobota. Alitoka na robota moja, na mkono wa kulia ambao Kabula mpaka leo hawezi kuufikiria akiwa anakula.

* * *

"Umefanya vizuri, wifi," Julieth alinong'ona walipojitenga nyuma ya choo. "Umefanya vizuri mno. Ungesema sebuleni tungekwisha."

"Julieth, naomba unieleze. Polepole, kama unamweleza mtoto. Kwa nini tungekwisha?"

"Si nilikwambia? Mkataba unasema nyumba ni ya kuishi watu, si ghala. Ukiweka mazao ndani umevunja sharti."

"Sawa. Wangekataa kulipa nyumba. Ningelia, ningejenga tena tope. Lakini matibabu ya Nikolaus yanahusianaje na sebule yangu?"

Julieth alitazama chini.

"Ni kifurushi, wifi. Nyumba, tumbaku, pikipiki, matibabu. Bima nne, mkataba mmoja. Sharti moja likivunjika..."

"Malizia."

"Umevunjika wote."

Kabula alikaa juu ya tofali. Alikumbuka siku Julieth alipokuja na habari ya kifurushi. Kabla ya hapo walikuwa na bima mbili za kampuni mbili tofauti, ya matibabu mahali pake na ya tumbaku mahali pake, kila moja na risiti yake na usumbufu wake. Julieth akawaambia unganisheni, mtalipa mara moja, na mtalipa pungufu. Na kweli walilipa pungufu. Hilo Julieth hakudanganya. Hela iliyobaki Kabula alinunulia mabati mapya ya upande wa jikoni, akayaonyesha kila mgeni. Sasa yalikuwa pale, yamejikunja juu ya majivu.

"Kwa hiyo zile zangu mbili za zamani," alisema, "moja ingenikataa, nyingine ingeniangalia."

"Lakini uliokoa hela, wifi. Lazima ukubali uliokoa."

"Niliokoa hela ya mabati, Julieth! Nikaweka mkono wa mume wangu rehani bila kujua! Na wewe ulijua. Uliingia nyumbani kwangu, ukakaa juu ya marobota ukanywa chai, ukaandika kwamba hii ni nyumba ya kuishi. Hukuona?"

"Niliona." Sauti ya Julieth ilikatika. "Niliona, wifi. Kila nyumba ninayoingia naona. Ningeandika ninachokiona nisingekata bima hata moja Urambo nzima. Unadhani sina uchungu? Yule ni kaka yangu, tumenyonya ziwa moja."

Hospitali ya Tabora daktari alikuwa ameshasema yake: Nikolaus apelekwe Mwanza wiki hii akapandikizwe ngozi, la sivyo mkono hautapona, utakatwa. Mwanza wanataka barua ya dhamana kutoka kampuni ya bima. Bila barua, hela taslimu, na hela taslimu iliungua sebuleni ikiwa bado ni majani.

"Basi imekuwa bani," Kabula alisema, akasimama. "Na iwe bani. Uongo huu haumuumizi mtu."

Alikosea, na hakuchukua muda kulijua hilo.

* * *

Waliporudi mbele ya nyumba, Ngollo alikuwa haongei na simu wala hapigi picha. Alikuwa anaongea na Mzee Lugembe.

Kabula aliongeza hatua.

Lugembe ndiye aliyekuwa akichochea moto wa bani kwa Kabula, msimu baada ya msimu. Mtu mrefu, mkimya, mwenye kikohozi cha moshi, anayejua joto la bani kwa kuweka kiganja ukutani. Alikuwa amekuja na bakuli la matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kuanikwa, mkewe Zamda amevipasha moto akampa awaletee wafiwa wa nyumba.

"Shikamoo, mzee," Kabula aliwahi kusema, akijaribu kujipenyeza kati yao.

"Marahaba, mayu," alijibu, akimwita mama kwa Kinyamwezi. "Zamda anasema pole. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Mzee," Ngollo aliingilia, "ulikuwa unaniambia. Siku ya moto bani ilikuwa inawaka?"

"Ilikuwa inawaka. Bani ya mwisho ya msimu, majani ya juu."

"Na kazi ya kuulinda moto ni yako."

"Ni yangu," alisema Lugembe, na akajinyoosha kidogo, maana kazi yake aliiheshimu.

"Uliondoka hata kidogo?"

"Nilikwenda kuswali alasiri. Hapo tu, msikitini. Nilipunguza kuni kwanza."

Ngollo aliandika. Kabula aliiona kalamu ikienda na mara moja, kama mtu aliyemwagiwa maji, akaelewa amefanya nini. Tumbaku ikiwa bani, basi moto umeanzia bani. Moto ukiwa umeanzia bani, basi kuna mtu aliyeuacha.

"Bwana Ngollo," alianza, "huyu mzee hana..."

"Ngoja kidogo, mama. Mzee, mwenye mali anasema tumbaku yote ilikuwa bani. Ndivyo?"

Lugembe aliliinamia bakuli lake. Mikono iliyobeba ile tumbaku kutoka bani kwenda sebuleni, robota baada ya robota, ilikuwa hii hii iliyoshika bakuli la viazi. Yeye ndiye aliyeipanga. Yeye ndiye aliyelalamika kwamba kochi kubwa halipiti mlangoni.

Alimtazama Kabula. Kabula hakuweza kumtazama. Alitazama mabati, alitazama kuku aliyekuwa akichakura majivu, alitazama kila kitu isipokuwa uso wa yule mzee. Sema, alijiambia. Sema sasa hivi. Lakini kila alipofungua mdomo aliona mkono wa Nikolaus juu ya shuka la hospitali, na ulimi ukaganda.

"Mayu amesema bani?" Lugembe aliuliza taratibu.

"Amesema bani."

"Basi ni bani."

Alisema hivyo akampa Kabula lile bakuli, mikono miwili, kwa adabu. Alidhani anamsaidia mgonjwa. Hakuna aliyemweleza kwamba anajifunga mwenyewe.

Ngollo alifunga karatasi zake. Akasema itabidi mzee aende kituoni kuandika maelezo, ni utaratibu tu, kwa sababu kampuni ikilipa hasara iliyoletwa na uzembe wa mtu, mtu huyo ana maswali ya kujibu. Alimfungulia mlango wa gari kwa heshima. Lugembe aliingia akitabasamu kidogo, maana hakuwa na kawaida ya kupanda gari dogo.

Kabula alibaki na bakuli la viazi mkononi. Vilikuwa bado na uvuguvugu.

* * *

Asubuhi Zamda alikuwa mlangoni kwa Mama Flavia, ambako Kabula alikuwa amehifadhiwa.

"Mama Deus, mzee hakurudi."

"Labda... labda wamechelewa kuandika."

"Wamemweka ndani. Nimepeleka uji, wameupokea, yeye sikumwona. Wanasema amechoma nyumba yako kwa uzembe." Zamda hakulia. Ingekuwa nafuu angelia. "Mimi na wewe tumejuana siku nyingi. Mume wangu ni mzembe?"

"Hapana."

"Basi nenda ukawaambie. Wewe ndiye mwenye nyumba, watakusikiliza."

Kabula alifungua mdomo. Na hapo hapo, kana kwamba shetani ndiye anayeuza vocha, simu ikaita. Julieth.

"Wifi! Wifi, wamekubali! Meneja mwenyewe amepitisha, barua ya Nikolaus imeshachapwa, iko mezani. Njoo Tabora usaini, leo hii hii gari la wagonjwa linaondoka. Umesikia? Kaka anapona!"

Simu ya Kabula ilikuwa ya sauti kubwa. Zamda alisikia yote.

"Alhamdulillahi," alisema Zamda. "Nenda ukasaini, mama. Mgonjwa kwanza. Ukirudi utapita kituoni."

Ukarimu huo ulimchoma kuliko tusi. Kabula alipanda basi akiwa amefunika uso na upande wa kanga, na abiria wenzake walidhani anaumwa jino. Alitaka kumchukia mtu. Alijaribu kumchukia Julieth, akashindwa. Alijaribu kuichukia kampuni, lakini kampuni haina uso. Akabaki na nafsi yake, akaichukia mpaka Tabora.

* * *

Ofisi ya Tulizo haikuwa mbali na stendi. Kabula alikuwa hajawahi kufika, Julieth ndiye aliyekuwa akimaliza mambo yote. Alielekezwa na kijana wa bodaboda: "Nenda moja kwa moja, mama, utaona bango kubwa jipya, huwezi kupotea."

Aliona bango. Akasimama katikati ya barabara, na baiskeli moja ikamkwepa kwa matusi.

Juu kabisa yaliandikwa maneno makubwa ya kijani: BIMA NNE, ADA MOJA. UNGANISHA, UOKOE. Chini yake walikuwa mtu na mkewe wanacheka, wameshikilia cheti pamoja. Mwanaume alikuwa ameshika kwa mkono wa kulia, mzima, wenye vidole vyote.

Walikuwa Nikolaus na yeye mwenyewe.

Aliikumbuka siku ile. Msimu uliopita, siku ya kusaini. Julieth alikuja na mpiga picha wa kampuni, kijana mchangamfu aliyewaambia wasogee ukutani penye mwanga, wacheke, mama usione haya, cheka. Walisema picha ni ya matangazo. Kabula alicheka, akaisahau.

Lakini hakuwa anajitazama yeye wala mumewe. Alikuwa anatazama nyuma yao. Nyuma ya mabega yao, imepangwa vizuri kuanzia sakafuni mpaka darini, imefungwa kwa kamba za katani, rangi yake ya dhahabu ikipendezesha picha nzima, ilikuwa tumbaku. Sebuleni. Na pazia lake la maua pembeni, na picha ya Bikira Maria, na kona ya lile kochi lisilopita mlangoni.

Akili ilimjia polepole, kisha ikaja yote kwa pamoja.

Kampuni ilikuwa inajua. Tangu siku ya kwanza ilijua tumbaku inakaa wapi, ikapokea ada yake, ikaipiga picha, ikaikuza ikawa kubwa kama nyumba na kuiweka barabarani watu waone. Kama jana angesema kweli, kama angesema ilikuwa sebuleni kama nyumba zote za Urambo, ni nani angethubutu kumwambia amevunja sharti? Angewaleta hapa. Angewaonyesha ukuta wao wenyewe. Mume wake angetibiwa, na Lugembe angekuwa nyumbani anakunywa uji.

Ila jana alisema bani. Na sasa bango lile lile ambalo lingemwokoa lilikuwa linamwita mwongo, kwa herufi za kijani.

"Wifi! Kabula! Usisimame hapo!"

Julieth alikuwa anakuja mbio, viatu mkononi. Alimkamata mkono akamvuta pembeni mwa kibanda cha chipsi.

"Umeiona," alisema, akihema. "Nimeikumbuka asubuhi, nusura nife. Usiogope, nimeshatafuta mafundi, nimewalipa mwenyewe. Bwana Ngollo yuko njiani kutoka Urambo, bango limewekwa akiwa huko, akifika ofisini asiikute. Ikishuka, tumepona."

Kweli, vijana wawili walikuwa wameshaegemeza ngazi. Mmoja alikuwa juu, bisibisi mdomoni, akilegeza skrubu za kona ya kwanza. Bango lilitikisika, na uso wa Nikolaus ukajikunja.

"Na Mzee Lugembe?" Kabula aliuliza.

"Wifi, barua iko mezani. Ni saini tu. Mzee tutamtafutia wakili, baadaye, taratibu..."

"Nimekuuliza Mzee Lugembe!"

"Na mimi nakuuliza kaka yangu!" Julieth alilia waziwazi sasa, watu wakageuka. "Unataka akatwe mkono? Ukiwaambia ulidanganya wanafuta kila kitu, hawatakusikiliza habari ya picha, watakuweka ndani wewe! Wana mawakili, sisi tuna nini?"

Kabula aliitazama ngazi. Labda Julieth alikuwa anasema kweli. Labda bango lingemwokoa, labda lingemmaliza yeye na Nikolaus na mkono wake siku moja. Hilo hakuna aliyelijua. Alilolijua ni moja tu, kwamba picha ikishuka na kukunjwa, hapatakuwa na kitu kingine duniani kinachoonyesha tumbaku ilikuwa wapi, isipokuwa ulimi wake. Na ulimi wake jana aliuona ulivyo.

Skrubu ya kwanza ikadondoka kwenye lami.

Kabula alijinasua mkononi mwa wifi yake. Alivuka barabara bila kutazama kushoto wala kulia, akaikumbatia miguu ya ngazi kwa mikono miwili, akaegemeza paji la uso kwenye chuma.

"Asiishushe mtu!" alipiga kelele. "Iacheni hapo hapo! Iacheni mpaka mkaguzi afike!"

Wauza karanga waliacha ndoo zao. Bodaboda wakazima injini. Fundi aliyekuwa juu aliyumba, akashikilia ukingo wa bango, akatazama chini kwa hasira. Halafu hasira ikamwisha. Akageuka kwenye bango, akageuka tena kwa yule mama chini.

"We mama," alisema, na barabara nzima ikamsikia, "huyu anayecheka hapa si wewe?"